Bunduki na Gazeti: Kumwelewa Mhafidhina wa Marekani



Mwezi uliopita dadangu mkubwa alinipigia simu baada ya Isha, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Mwanawe wa kwanza yuko Houston, jimbo la Texas, mwaka wa saba sasa. Ana grini kadi, ana mke na mtoto wa miaka miwili, na anafanya kazi ya usiku katika duka la kituo cha mafuta. "Kakangu," akaniambia, "huyu mtoto anataka kununua bastola. Zungumza naye, wewe ndiwe mjomba wake."

Nikampigia. Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu: "Mjomba, huku bunduki ni haki ya mtu. Hayo mnayoyasoma huko kwenye magazeti msiyaamini."

Nilikata simu sina jibu. Kijana wetu wa Mji wa Kale alikuwa amenisomea, kwa sentensi mbili, itikadi nzima ya wahafidhina wa Marekani. Na hapa Pwani tunazungumza kuhusu watu hao kila siku barazani, juu ya kahawa, bila ya wengi wetu kujua wanachokisema hasa. Wako wanaowapenda kwa kuwa wanatetea dini na familia. Wako wanaowachukia kwa sababu ya Palestina na visa. Mimi mwenyewe ni mtu wa mila, sioni haya kulisema hilo. Kwa hivyo nilikaa nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

HAKI ILIANZIA WAPI

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani yaliidhinishwa Desemba 15, 1791, pamoja na mengine tisa ambayo kwa jumla huitwa Hati ya Haki. Ni sentensi moja tu, yenye maneno 27 kwa Kiingereza. Sehemu yake ya kwanza inataja kuwa wanamgambo waliopangwa vizuri ni lazima kwa usalama wa nchi huru. Sehemu ya pili inasema haki ya wananchi kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe.

Walioandika maneno hayo walikuwa wametoka vitani. Usiku wa kuamkia Aprili 19, 1775, wanajeshi wa Uingereza waliondoka Boston kwenda mji wa Concord kukamata silaha zilizofichwa na wakoloni wa huko. Wakulima wenye bunduki zao walijipanga njiani, na hapo ndipo vita vya uhuru vilipoanza. Kwa hivyo mhafidhina wa Marekani akiona serikali inataka kuhesabu bunduki au kuzichukua, hukumbuka Concord. Kwake yeye haki hii haikutolewa na serikali. Mtu amezaliwa nayo, na serikali imekatazwa kuigusa. Usipolielewa hilo, hutaelewa kwa nini kila mauaji yanapotokea na watu wakadai sheria kali, yeye husimama palepale.

MAHAKAMA ZILIVYOAMUA

Kwa miaka mingi mabishano yalikuwa haya: haki hii ni ya wanamgambo au ni ya mtu binafsi? Jibu la wazi lilitoka Juni 2008, katika kesi ya Heller. Jiji la Washington lilikuwa limepiga marufuku bastola hata ndani ya nyumba ya mtu. Majaji 5 kwa 4 wa Mahakama ya Juu walisema marufuku hiyo inavunja Katiba. Jaji Antonin Scalia, aliyekuwa kipenzi cha wahafidhina, ndiye aliyeandika uamuzi huo. Lakini Scalia huyohuyo aliandika kwamba haki hii ina mipaka, na kwamba sheria zinazowanyima silaha wahalifu na wagonjwa wa akili, au zinazokataza bunduki shuleni na katika ofisi za serikali, hazikuguswa. Sehemu hii ya pili wengi hupenda kuisahau.

Mwaka 2010 ikaja kesi ya McDonald dhidi ya jiji la Chicago. Mlalamishi mkuu, Otis McDonald, alikuwa mzee mweusi ambaye nyumba yake ilivunjwa na wezi zaidi ya mara moja, akataka bastola ya kujilinda. Alishinda. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, majaji 6 kwa 3 walifuta sheria ya New York iliyomtaka mtu aeleze sababu maalumu kabla ya kuruhusiwa kubeba bastola nje ya nyumba yake. Kisha mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, majaji 8 kwa 1 walisema mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kuwa tishio kwa mkewe au mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha.

Jambo la rangi nalo lina historia yake. Mwaka 1967 vijana weusi wa Black Panther walibeba bunduki hadharani California, wakiwafuata polisi kuona wanavyowatendea watu wao. Jimbo lilipitisha haraka sheria ya kukataza kubeba bunduki iliyojaa risasi hadharani, na gavana aliyeitia sahihi ni Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa rais na shujaa wa wahafidhina. Leo wapo wahafidhina, weupe kwa weusi, wanaoutaja mfano huu kuonyesha kwamba serikali huanza kwa kumpokonya silaha mnyonge. Hoja hiyo ina uzito. Lakini pia inaonyesha kuwa haki haikuwa ya kila mtu wakati wote, hata machoni mwa hao wanaoisifu.

KWA NINI HAWAAMINI WANAHABARI

Shirika la Gallup limekuwa likiwauliza Wamarekani kwa miaka mingi kama wanaviamini vyombo vya habari. Mwaka 1976, asilimia 72 walisema wanaviamini sana au kiasi cha kutosha. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 31 tu, na kati ya wafuasi wa chama cha Republican walikuwa asilimia 12.

Sababu ni nyingi, lakini bunduki ni mojawapo. Mhafidhina wa kijijini amekua na bunduki ya babake ya kuwinda. Anapofungua televisheni, anamwona mtangazaji wa jiji kubwa akieleza kitu asichokijua. Mfano anaoupenda ni bunduki ya AR-15. Watu wengi hudhani herufi AR zinamaanisha bunduki ya mashambulizi, kumbe zinatokana na jina la kampuni ya ArmaLite. Wengine huiita bunduki ya kumimina risasi mfululizo, ilhali ile inayouzwa kwa raia hutoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio. Bunduki mpya za kumimina risasi raia hawaruhusiwi kuzinunua tangu mwaka 1986. Mhafidhina husema: kama wanakosea jambo dogo ninalolijua, vipi niwaamini katika makubwa nisiyoyajua?

Analalamika pia kuwa kamera hukimbilia mauaji ya halaiki na kuacha mengine. Takwimu za FBI mwaka baada ya mwaka zinaonyesha kuwa pale aina ya bunduki inapojulikana, mauaji mengi hufanywa kwa bastola, si kwa bunduki ndefu zinazojadiliwa kwenye televisheni.

Mkenya hana haki ya kuwacheka kwa shaka hiyo. Julai 2015, Rais Obama alipokuwa akijiandaa kuja Nairobi, CNN iliieleza nchi yetu kama kitovu cha ugaidi. Wakenya waliwaka mitandaoni, na mkubwa mmoja wa kituo hicho alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Sisi wa Pwani tuliyajua hayo kabla. Ni mara ngapi tumesoma habari za mitaa yetu, tukashindwa kuitambua?

SHAKA YA UPANDE MMOJA

Hapa ndipo ninapotofautiana na mpwa wangu na na wale anaowasikiliza. Kutoamini ni jambo jema likiwa ni mizani. Likiwa ni mapenzi tu, si shaka tena.

Mwaka 1987 serikali ya Marekani iliondoa kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni vitoe pande zote za jambo lenye utata. Mwaka uliofuata kipindi cha redio cha Rush Limbaugh kikaanza kusikika nchi nzima, na mwaka 1996 kikazinduliwa kituo cha Fox News. Wahafidhina wakapata vyombo vyao, na wakaacha kuvipima kama wanavyovipima vya wenzao. Aprili 2023, Fox ilikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura ya Dominion zaidi ya dola milioni 787 ili kumaliza kesi ya kuchafuliwa jina. Kesi hiyo ilihusu madai ya uongo, yaliyorushwa hewani, kwamba mashine hizo ziliiba kura za mwaka 2020. Nyaraka zilizotolewa mahakamani zilionyesha kuwa baadhi ya watangazaji wenyewe hawakuyaamini madai hayo.

Mbaya zaidi ni habari ya Sandy Hook. Desemba 14, 2012, kijana mwenye bunduki aliingia katika shule ya msingi huko Connecticut akaua watoto 20 na watu wazima 6. Mtangazaji Alex Jones aliwaambia wasikilizaji wake kwa miaka kuwa ni mchezo wa kuigiza uliotungwa ili watu wanyang'anywe bunduki. Wazazi waliokuwa wamezika watoto walitukanwa na kutishwa na watu waliomwamini. Mwaka 2022 baraza la mahakama huko Connecticut liliamua awalipe dola milioni 965. Watu hao walikuwa wamekataa kuamini magazeti yote, wakamwamini mtu mmoja.

Dini yetu ina kanuni katika Surat Al-Hujurat, kwamba habari ikiletwa na mtu asiyeaminika, ihakikishwe kwanza tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kanuni hiyo haichagui chama.

KWETU JE?

Katika Katiba yetu ya 2010 hakuna haki ya bunduki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka raia aombe leseni, achunguzwe, na leseni hiyo inaweza kufutwa. Kule bunduki ni haki ambayo serikali lazima ieleze kwa nini inaizuia, na huku ni ruhusa ambayo raia lazima aeleze kwa nini anaihitaji.

Sisemi tuige ya Texas. Lakini swali la mhafidhina, kwamba nani atakulinda polisi wakiwa mbali, si geni kwetu. Waulizeni watu wa Mpeketoni, kaunti ya Lamu, waliovamiwa usiku wa Juni 15, 2014, washambuliaji wakaua kwa saa kadhaa. Na Westgate, Septemba 2013, miongoni mwa wa kwanza kuingia kuwaokoa watu walikuwa raia wenye bastola za leseni. Haya ni kweli. Na ni kweli pia kwamba walioingia Westgate na Mpeketoni kuua walikuwa na bunduki ambazo hakuna bodi iliyowapa. Jibu langu ni kwamba Pwani inahitaji polisi wanaofika upesi na wanaoaminika, na mimi ningepigania hilo kabla ya kupigania bastola katika kila nyumba.

NILICHOMWAMBIA MPWA WANGU

Wiki iliyopita nilimpigia tena. Sikumkataza, kwa sababu sheria ya huko inamruhusu. Mwenye grini kadi anaweza kununua, mwuzaji mwenye leseni lazima amchunguze kwanza kupitia mfumo wa FBI, na Texas tangu Septemba 2021 haihitaji kibali cha kubeba bastola kwa mtu mzima wa miaka 21 asiyezuiwa na sheria.

Nilimpa takwimu moja tu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Nikamwambia: "Mwanangu, hii si ya magazeti. Ni ya vyeti vya vifo. Bunduki nyingi zinazoua huko humuua mtu wa nyumba ileile." Kisha nikamwuliza kama tajiri wake anaruhusu silaha dukani, maana mwajiri wa Texas ana haki ya kukataza.

Alikaa kimya. Akasema hajui, atauliza.

Juzi akaniandikia. Tajiri hataki. Basi bastola ingelala nyumbani na mtoto wa miaka miwili, na yeye angekuwa dukani usiku mikono mitupu. Hajaamua, asema bado anafikiria, na kama atanunua atanunua sanduku la chuma lenye kufuli kwanza. Dadangu aliponiuliza kama amekubali kuacha, nilimwambia ukweli: "Hapana dada, lakini sasa anauliza mwenyewe."