Mafundi wa Tanga: Kutoka Korona hadi Ulingo wa Roboti

Mji wa Tanga umelelewa na pipa la chuma lenye visu, linalozunguka kwa kasi kutwa nzima. Watu wengi wakisimulia historia ya mji huu huanza na bandari, au na vita vya Novemba 1914, au na Wajerumani na barabara zao. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini mimi naona mhimili wa Tanga ni mafundi: waliofungua mashine za wenzao, wakazijua tumbo na utumbo, wakazirudisha kazini. Ninaiandika historia yao leo kwa sababu duniani upo mchezo wa kubuni roboti na kuzipiganisha ulingoni, na ninaamini kwamba katika pwani yote hii hakuna mji uliouandalia mikono yake mapema kama Tanga.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliletewa miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyotoka huko ilikuwa 1,000. Ikapitia Hamburg, ikazunguka bahari, na iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga kuelekea milima ya Usambara. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na hatimaye Moshi kabla ya vita kuu ya kwanza. Mambo hayo mawili, mmea na reli, ndiyo yaliyozaa ufundi wa mashine. Reli inataka karakana, na mkonge unataka kiwanda palepale shambani, kwa kuwa jani lililokatwa halisubiri. Likikaa linakauka na singa zake zinaharibika.

Si kwamba chuma kilikuwa kigeni nyuma ya pwani hii. Kule Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma karne nyingi kabla ya Mjerumani, na majembe na silaha zao zilikwenda hadi kwa Wachaga. Reli ilipopita chini ya milima hiyo, ilipita kwenye nchi ya wahunzi. Kilichokuwa kipya ni kitu kinachozunguka chenyewe.

Hapa sina budi kuieleza korona, mashine ya kuchakata mkonge. Majani huletwa kwa troli kwenye reli nyembamba, yakamwagwa mezani, yakapangwa na kutandazwa yaingie yamelala ubavu. Kamba nene hulishika jani upande mmoja, likapita mbele ya pipa lenye visu butu, nyama yake ya kijani ikapondwa na kufagiliwa na maji. Kisha mshiko unahama, na pipa la pili linamaliza nusu iliyobaki. Upande wa pili zinatoka singa nyeupe, tayari kwenda kuanikwa. Katika kilo 100 za majani unapata singa kilo nne hivi, na zilizobaki zote ni maji na makapi. Mashine nzima inategemea nafasi ndogo iliyopo kati ya kisu na kitako kinachopokea jani. Ikiwa finyu, singa zinakatika. Ikiwa pana, zinatoka na ukijani na bei inashuka. Maji ya mkonge ni makali, yanakula chuma. Beringi zikilegea kidogo, au kisu kimoja kikiwa kizito kuliko wenzake, pipa linatetemeka na jengo zima linalisikia.

Fundi wa korona alijifunza kusikiliza. Aliujua mlio wa beringi inayoanza kuchoka kabla msimamizi hajaona lolote. Alijua kupima uzito wa visu vilivyo mkabala, kuondoa kidogo hapa na kuongeza pale mpaka pipa litulie. Alijua mkanda uliokaza mno unaua shafti na mkanda uliolegea unapoteza nguvu. Maarifa hayo hayakuandikwa na fundi yeyote kitabuni. Yalipita kwa mwanafunzi aliyeshika taa na spana.

Vita vilipofika, Novemba 1914, askari wa Wajerumani waliletwa kwa reli kutoka upande wa Moshi kuja kuilinda Tanga, na jeshi la Waingereza lililotoka India kwa meli likarudishwa baharini. Baada ya hapo bahari ilifungwa na meli za Waingereza, na spea za Ulaya zikawa hadithi. Kilichovunjika kilitengenezwa kwa kilichopo au kikaachwa. Naihesabu miaka ile kuwa shule ya kwanza ya ubunifu wa lazima katika ukanda huu.

Miaka iliyofuata naipita upesi. Mwaka 1936 maporomoko ya Pangani yalianza kutoa umeme, na mota zikaanza kushika nafasi ya injini za mvuke na dizeli mashambani. Mwaka 1942 Japani ilipoteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi, dunia ikakosa kamba, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge na kuongoza dunia. Kisha likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, mashamba mengi yakataifishwa, huku kamba za nailoni na plastiki zikiushusha mkonge bei kila soko.

Tanga haikukaa bure. Kiwanda cha chuma kilianza mwaka 1971, cha mbolea 1972, cha saruji kule Pongwe 1980. Kila kiwanda kilikuwa na karakana yake na mafundi wa lezi, wa kuchomelea na wa umeme. Pia tusisahau kwamba ukanda huu umewahi kutoa kitu kipya ambacho dunia inakitumia hadi leo. Utafiti wa vituo vya Amani na Mlingano ulizaa mkonge chotara nambari 11648, wenye majani mengi kuliko ule wa Hindorf, na ndio uliokuja kutawala mashamba ya China. Asemaye kwamba Tanga ni ya kutengeneza vya wengine tu, na aende Mlingano.

Viwanda vilipoanza kufungwa, hasa miaka ya 1980 na 1990, ufundi haukufa, ulihamia mitaani. Pita mtaa wa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazohesabiwa kwa namba, utaona grenda zikitema cheche, mageti yakichomelewa, mota za pampu zikisukwa upya waya. Mji huu wa baiskeli una mafundi wanaoweza kunyoosha rimu kwa macho tu. Springi kuukuu ya lori inageuka patasi au panga. Hapo ndipo mchezo ninaousema unapotia mguu.

Ulianza Marekani. Mwaka 1994 Marc Thorpe, aliyekuwa fundi wa sanamu na vifaa vya filamu, aliitisha shindano la Robot Wars mjini San Francisco. Mwaka uliofuata likaletwa roboti liitwalo Blendo, umbo la bakuli lililofunikwa, likizunguka lote na visu pembeni. Lilirusha vipande vya wapinzani kwa nguvu hata waandaaji wakaliomba lijitoe kwa usalama wa watazamaji. Uingereza ikaufanya mchezo huu kipindi cha televisheni cha BBC mwaka 1998, na BattleBots ikaanza Marekani mwaka 1999. Sheria zake ni nyepesi kueleza. Roboti mbili, zinazoendeshwa kwa rimoti, huingia ulingo wenye kuta za plastiki ngumu isiyopasuka. Pambano ni dakika tatu. Isiyoweza kusogea inahesabiwa kumi, kisha imeshindwa. Zote zikisalimika, waamuzi wanaangalia nani ameumiza zaidi, nani ameshambulia, nani ameitawala mashine yake.

Wapo wanaodhani ni mchezo wa kuharibu vitu. Anayedhani hivyo hajatazama meza za nyuma. Pale mtu anakuta mota imeungua, mnyororo umekatika, fremu imepinda, na pambano lijalo linamngoja. Anachagua: nibadilishe kipi, nifunge kipi kwa waya, niingie na kipi kibovu? Hiyo ndiyo kazi ya fundi wa korona wakati malori yamejaa majani na pipa limegoma. Tofauti ni moja, na ni kubwa: kilichovunjika umekibuni wewe mwenyewe. Huwezi kumlaumu mtengenezaji wa Ulaya. Ukiweka betri mahali pabaya, ulingo utakuonyesha. Na kosa hilo hutalirudia maisha.

Sasa itazame Brazil. Nchi hiyo ndiyo iliyotupiku katika mkonge, na mpaka leo ndiyo ya kwanza duniani. Na ndiyo pia iliyotoa moja ya roboti zinazoogopwa zaidi katika mchezo huu. Linaitwa Minotaur, limejengwa na kikundi cha RioBotz cha chuo kikuu cha PUC-Rio mjini Rio de Janeiro, na lilitikisa BattleBots mwaka 2016. Silaha yake ni nini? Pipa la chuma lenye meno, limelala mbele, linazunguka kwa kasi kubwa. Hesabu zake ni zilezile za korona: uzito uliowekwa mbali na shafti unahifadhi nguvu zaidi, kasi ikiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne, na pipa lisilo na mizani litaziua beringi zake kabla halijamgusa adui. Profesa wao, Marco Antonio Meggiolaro, ameandika kitabu kizima cha kujenga roboti za mapambano na kukitoa bure. Wabrazili hawakuwa na ufundi tusiokuwa nao. Walikaa wakakutanisha chuo na karakana.

Brazil hiyohiyo inatufundisha upande wa hatari. Katika jimbo la Bahia wakulima wadogo huchakata mkonge kwa mashine inayohamishwa shambani, mtu akilisha jani kwa mkono mtupu, na wengi wamepoteza vidole na viganja. Pipa linalozunguka halina huruma, liwe la kamba au la mchezo. Ndiyo maana wachezaji wa kweli wana miiko wasiyoivunja. Silaha hufungwa kwa pini mpaka roboti iwe ndani ya ulingo na mlango umefungwa. Rimoti ikipoteza mawasiliano, mashine lazima ijizime. Betri za lithiamu huchajiwa mahali pa wazi, mchanga ukiwa jirani, kwa sababu zikitobolewa zinaweza kuwaka, na moto wake ni mgumu kuuzima. Fundi atakayeleta dharau kwa miiko hii asikaribishwe, hata awe bingwa.

Na hakuna haja ya kuanza na majitu ya kilo 113 ya televisheni. Uingereza kuna daraja la roboti za gramu 150, zinazopaswa kuingia ndani ya boksi la sentimita 10 kila upande. Hiyo inaenea kiganjani. Mota zake unaweza kuzitoa kwenye midoli mibovu, na ulingo wake unawekwa juu ya meza. Kwa shule naipendekeza zaidi sumo ya roboti iliyotoka Japani: daraja la gramu 500, duara la sentimita 77, na kazi ni kumsukuma mwenzako nje. Hakuna kisu hata kimoja. Mtoto anajifunza gia, msuguano wa tairi na mahali pa kuweka uzito, na wengine wanaandika programu ili roboti ijiendeshe yenyewe.

Mahali pa kuanzia pana msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 taasisi ya Project Inspire, ikishirikiana na halmashauri ya jiji na kufadhiliwa na Fondation Botnar ya Uswisi, ilifungua STEM Park hapa Tanga, watoto wa shule wajifunze sayansi kwa kushika vitu kwa mikono. Ipo Shule ya Sekondari ya Ufundi Tanga. Kipo chuo cha ufundi stadi cha VETA. Na jirani zetu wamekwisha kuonyesha kwamba roboti inaweza kuzaliwa upande wetu wa dunia: mwaka 2013 mhandisi Thérèse Kirongozi aliweka barabarani Kinshasa roboti kubwa za kuongoza magari, zikila umeme wa jua, zimejengwa Kongo kwa ajili ya barabara za Kongo.

Ninachokiona bado ni utengano. Mwanafunzi anajua kuandika programu lakini hajawahi kushika grenda. Fundi wa Ngamiani anaweza kukereza shafti ikakaa sawasawa, lakini hajawahi kuulizwa na mtu: wewe ungebuni nini? Wazee waliowahi kuziweka sawa korona za mashambani wanazeeka na masikio yao yenye thamani, na hakuna anayeketi nao na daftari.

Basi naomba mambo matatu, na ninayaomba kwa watu wenye uwezo wa kuyafanya. Halmashauri ya jiji itoe ukumbi siku moja kwa mwaka kwa shindano la sumo la gramu 500, kila kikundi kiwe na wanafunzi na angalau fundi mmoja wa mtaani. Bodi ya Mkonge, ambayo makao yake yako hapahapa Tanga, iwaite mafundi wa zamani wa korona wawe waamuzi na walimu, na maelezo yao yaandikwe. Na wewe mwenye karakana, mota zile za midoli, za printa na za feni unazozirundika nyuma ya mlango, usimwuzie mnunua chuma chakavu. Mpe kijana wa jirani, kisha mwachie benchi yako Jumamosi alasiri.