Maji yanayouma: historia fupi ya shawa ya umeme

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinibana. Leo siandiki siasa. Leo naandika juu ya bafu langu, na naomba msicheke mpaka mfike mwisho.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu ukifungua bomba saa nane mchana maji yanatoka na uvuguvugu wake, hulipii hata senti. Nilipohamia Nairobi kikazi ndipo nilipogundua kwamba mwezi wa Julai unaweza kumfanya mtu mzima aogope bafu. Nyumba niliyopanga haikuwa na chombo cha kupasha maji, ilikuwa na waya tu unaochungulia ukutani. Nikaenda dukani, nikakuta shawa nyeupe za plastiki zimepangwa, nikachukua ya bei ya chini kabisa. Muuzaji hakuniuliza kitu, nami sikumuuliza kitu. Nikamlipa kijana mmoja akaifunga kwa nusu saa.

Kisha mama akaja kunitembelea. Siku ya kwanza alitoka bafuni kajifunga khanga, mkono mmoja kaushika kwa mwingine, akasema: "Mwanangu, maji yako yanauma." Nikadhani anasema yana moto sana. Nikaingia mwenyewe, nikagusa koki ya chuma huku maji yanatiririka, mkono ukashtuka mpaka begani. Jamani, umeme ulikuwa unatembea kwenye maji, na mama yangu alikuwa amesimama chini yake.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamtafuta fundi umeme, mzee mmoja mwenye uzoefu. Wakati namsubiri nikafanya kile ninachojua kufanya: nikaanza kuchimba habari. Kidude hiki kimetoka wapi, na kimefikaje bafuni kwangu?

Tamaa ya kupata maji ya moto papo hapo ni ya zamani kuliko umeme wa majumbani. Mwaka 1868 mchoraji mmoja wa London, Benjamin Waddy Maughan, alitengeneza chombo cha kupasha maji kwa gesi wakati yanapita. Akakiita Geyser, jina la chemchemi ya moto ya kule Iceland. Kilikuwa hatari, maana hakikuwa na bomba la kutolea moshi. Mwaka 1889 Edwin Ruud, Mnorwei aliyehamia Marekani, akaja na tangi linalopasha na kuhifadhi maji kwa usalama zaidi. Kwa hiyo mgogoro wa kwanza ulikuwepo tangu enzi hizo: upashe maji yakiwa yanapita, au uyapashe kwanza uyaweke?

Upande wa umeme, James Joule wa Uingereza alikuwa ameshaonyesha mwaka 1841 jinsi mkondo wa umeme unavyozalisha joto ndani ya waya. Ila waya za siku zile zilikuwa zinaungua upesi. Suluhisho likaja mwanzoni mwa karne ya 20, pale Mmarekani Albert Marsh alipochanganya nikeli na kromiamu akapata nikromu, hataza yake ikatoka mwaka 1906. Waya huu unaweza kuwa mwekundu kwa joto, ukapoa, ukarudia tena maelfu ya mara. Pasi, jiko la umeme na shawa yako vyote vina deni kwa Marsh.

Lakini aliyeuweka waya ule ndani ya kichwa cha shawa si Mwingereza wala Mmarekani. Ni Mbrazili. Wenyewe humtaja Francisco Canho wa mji wa Jaú, jimbo la São Paulo. Baadaye viwanda vikalichukua wazo, kikiwemo Lorenzetti, kilichoanzishwa São Paulo mwaka 1923, ambacho jina lake unaliona leo madukani Nairobi.

Kwa nini Brazili? Nyumba nyingi hazikuwa na bomba la gesi, kusini mwa nchi kuna baridi, na nchi ilikuwa inajenga mabwawa ya umeme. Mtu wa kipato kidogo alihitaji kitu kidogo, rahisi, kinachofungwa bila kuvunja ukuta. Shawa ile ni hiyo hiyo: maji yanaingia, yanasukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kinaunganisha umeme, koili inapasha. Ukifunga maji, umeme unakatika.

Siri iko hapa, ndugu msomaji. Katika shawa nyingi za aina hiyo koili iko uchi ndani ya maji. Maji laini hayapitishi umeme sana, na kiasi kidogo kinachovuja kinachukuliwa na waya wa ethi na kupelekwa ardhini. Wabuni wake waliutegemea waya huo.

Fundi akafika. Akapanda kwenye stuli, akafungua kifuniko, akaguna. Akaonja maji kwa ncha ya ulimi. "Kijana, hii uliinunua ukiangalia bei ama ukiangalia maji?"

Nikamwambia, "Bei, mzee."

"Haya maji ni ya kisima. Yana chumvi. Na waya wa ethi huyu mtu wako aliukata, akaukunja nyuma."

Makosa mawili katika bafu moja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na njia ya kuutoa ilikuwa imekatwa. Ukabaki mwili wa mama.

Basi ukienda kununua, haya ndiyo ninayoyajua sasa.

Kwanza uliza maji yako yanatoka wapi. Kama ni ya kisima chenye chumvi, chukua shawa iliyoandikwa kwamba ni ya maji ya chumvi. Koili yake imefichwa ndani ya bomba la chuma lililojazwa unga usiopitisha umeme, kama ile ya birika la umeme. Ni ghali zaidi. Lipa.

Pili, angalia waya. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 inavuta takriban ampea 23, wakati soketi ya kawaida mwisho wake ni 13. Kwa hiyo inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, mafundi hupenda wa milimita 6 za mraba, pamoja na swichi yake, ethi inayofanya kazi, na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Zile shawa kubwa za Uingereza za wati 10,500 huvuta karibu ampea 44. Usibebe moja kutoka kwa shangazi aliye London ukadhani waya wa nyumba ya kupanga utaihimili.

Tatu, usitegemee miujiza. Wati 5,500 zinaweza kuongeza joto la lita 3 za maji kwa dakika kwa nyuzi 26 hivi. Ukifungua lita 6, nyuzi 13 tu. Ndiyo maana maji yakiwa ya moto yanadondoka kama mvua ya rasharasha. Na tangi la juu ya paa likiwa karibu mno na shawa, msukumo hautoshi hata kukisogeza kile kiwambo.

Nne, hesabu watu. Kuoga dakika kumi kwa shawa hii ni kama uniti 0.9. Kupasha tangi la lita 50 kutoka nyuzi 18 hadi 60 ni kama uniti 2.4. Mtu mmoja kama mimi, shawa inatosha. Familia ya watu sita wanaooga alfajiri, tangi au mtambo wa jua una maana zaidi, na umeme ukikatika bado mna maji ya moto.

Historia imenifundisha kwamba chombo hubeba mazingira ya pale kilipozaliwa. Shawa ile ilifikiriwa kwa maji ya Brazili na waya wa ethi ukiwa mahali pake. Sisi tumechukua chombo, masharti yake tukayaacha dukani.

Mzee alifunga shawa mpya, akaunganisha ethi, akapima, kisha akaweka mkono wake mwenyewe kwenye maji kabla ya kuniruhusu nami niguse. Mama alirudi Nairobi mwezi wa Desemba. Aliingia bafuni na ndoo. Nilimwambia, "Mama, nimeshatengeneza." Akanijibu, "Nimesikia, mwanangu," akafunga mlango, na sikusikia shawa ikifunguliwa.