Herufi za Zamani kwenye Mabehewa ya Ngerengere

Njia ya reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita hapa Ngerengere na kufika Morogoro mwaka 1907. Anayetaka kuisoma historia hiyo kwa macho yake na ayatazame mabehewa makuukuu ya mizigo, hasa pale rangi ya juu inapobanduka.

Chini ya herufi TRC huenda akakuta EAR; na akiwa na bahati, EAR&H, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoundwa mwaka 1948. Behewa la shirika hilo halikuwa la nchi moja. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipofunguliwa mwaka 1963, liliweza kupakiwa katani hapa na kufika Nairobi, hata Kampala, bila kupakuliwa njiani. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, nayo mabehewa yaliyobaki kwetu yakapakwa jina jipya: TRC. Mwaka 2007 ikaja TRL. Mwaka 2017 TRC ikarejea.

Baadhi ya wazee wetu, waliokuwa makarani na wakuu wa stesheni, waliziandika namba za mabehewa hayo kila siku. Madaftari yao hatunayo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita jirani, na chuma chakavu kina wanunuzi. Mwenye picha ya zamani ya stesheni, hata ya harusi, ambayo nyuma ya watu linaonekana behewa, na ailete hekaluni. Tutainakili na kumrudishia.