Mkaja na Arobaini: Malezi ya Mama Mzazi

Katika mila za watu wa pwani, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na kwa muda wa siku 40 hakuachwa peke yake. Mama yake, shangazi au mkunga alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga tumbo kwa nguo iitwayo mkaja, na kumnywesha uji wenye pilipili manga. Kuteka maji na kupika zilikuwa kazi za wengine. Nguo hiyo haikusahauliwa: mtoto akiwa binti, siku ya kuposwa mama yake hupewa fedha ziitwazo mkaja. Ndivyo jamii ilivyokiri hadharani deni lake kwa mama. Huko Uchagani nako mzazi alikaa ndani miezi mitatu hivi, akilishwa mtori na nyama.

Elimu ya leo yatuonyesha thamani nyingine ya malezi hayo. Machozi ya siku chache baada ya kuzaa ni jambo la kawaida. Lakini huzuni ikipita majuma mawili, mama akakosa usingizi hata mtoto alalapo, akajiona hafai, hayo ni maradhi. Tabibu Louis-Victor Marcé aliyaandikia kitabu maradhi ya akili ya wazazi huko Ufaransa mwaka 1858. Na mwaka 1987 wataalamu wa Uingereza walitunga maswali 10 ya kuitambua huzuni hiyo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mzazi mmoja kati ya watano hupatwa na maradhi ya akili.

Hata hivyo, tusiisifu mila kupita kiasi. Wako wazazi waliozungukwa na watu wala wasiulizwe neno. Aliyelia aliambiwa ana pepo, au hana shukrani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Siku hizi wengi hulelea watoto katika chumba cha kupanga mjini, mbali na mama na shangazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Lakini sheria hutoa siku. Mikono ya kumpokea mtoto ili mama alale hutolewa na watu.

Basi yatupasa kuurithi mkaja kwa maana yake: mume abebe mtoto usiku, jirani apike, na sote tumuulize mzazi hali yake, tumsikilize, na ikibidi tumpeleke hospitali bila kumwonea haya.