Bagamoyo, Mji wa Kubwagia Mizigo

Bagamoyo ni mji wa pwani ya Tanzania, ukabili Unguja. Kusini yake yako magofu ya Kaole, msikiti na makaburi ya kale kuliko mji wenyewe. Katika karne ya 19 ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo Ujiji na Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuja na pembe za ndovu, kila mtu mzigo wa kadiri ya frasila 2, yaani ratili 70. Walivuka mto Kingani, ndio Ruvu, wakatua kando ya mji, wakingojea mizigo ya kurudi nayo bara: merikani, shanga na nyaya.

Jina la mji watu hulieleza kwa njia mbili. Wengine husema ni kilio cha mtumwa: bwaga moyo, kwenu hutakuona tena. Wengine husema ni furaha ya mpagazi: tua mzigo, moyo upumzike. Mimi naona neno lapokea yote mawili, kwa kuwa kubwaga ni kuangusha kilicho kizito, mtu awe amefika kwa ujira ama kwa mnyororo. Tukishika maana moja tu, twasahau nusu ya watu waliopita njia ile.

Reli ya Kati ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo mizigo ya bara ilichukuliwa na gari la moshi, na Bagamoyo ukapoa.