Upepo wa Kesho Ulivyoanza Kupigiwa Hesabu

Januari 8, 2005, tufani kali iliikumba Denmark. Mitambo ya upepo ya magharibi mwa nchi hiyo ilikuwa ikitoa karibu megawati 2,000. Saa chache baadaye sehemu kubwa ya umeme huo haikuwapo. Upepo haukuwa umepungua, ulikuwa umezidi. Ukipita mita 25 kwa sekunde, mtambo hujizima wenyewe usije ukavunjika. Umeme wa maji kutoka Norway ulisaidia kuziba pengo.

Hata pasipo tufani, waendeshaji wa gridi wana kazi. Umeme unaoingia kwenye nyaya lazima ulingane na unaotumika wakati huohuo. Upepo nao una hesabu zake: ukipanda kutoka mita 8 hadi 10 kwa sekunde, nguvu iliyomo hukaribia kuwa maradufu. Anayekosea kidogo kwenye upepo hukosea sana kwenye umeme.

Utabiri wa awali ulikuwa mwepesi: chukulia kwamba saa ijayo itakuwa kama hii. Kwa saa chache za mwanzo, mbinu hiyo hadi leo si rahisi kuishinda. Mwaka 1984, Barbara Brown, Richard Katz na Allan Murphy wa Marekani walichapisha njia ya kitakwimu ya kukadiria saa zijazo kwa vipimo vya zilizopita. Lakini vipimo vya mtamboni havioni dhoruba ambayo ingali baharini.

Hapo Denmark ikatangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Lars Landberg wa maabara ya Risø alichukua utabiri wa kompyuta wa idara ya hali ya hewa, akaushusha hadi pale mtambo uliposimama: kilima hiki, miti ile, nyumba zinazokinga upepo. Henrik Madsen na wenzake, katika chuo kikuu cha ufundi cha nchi hiyo, waliunda programu iliyojirekebisha kila vipimo vipya vilipoingia. Kufikia 1994 ilikuwa kazini katika chumba cha kuongozea umeme wa magharibi mwa Denmark.

Texas ilipata somo lake Februari 26, 2008. Upepo ulishuka jioni matumizi yakipanda, hadi wateja wakubwa wenye mikataba ya kupunguziwa umeme wakakatiwa. Utabiri wa kushuka huko ulikuwapo, ila waliokuwa zamu walikuwa bado hawajaanza kuutumia.

Hapa kwetu Kenya, tangu 2018 mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, hutuma umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400. Upepo ukilegea huko Loiyangalani, ilipo mitambo hiyo, pengo lazima lizibwe kwingine, kama vile kwenye mabwawa ya Mto Tana, na aliye zamu anahitaji kujua mapema. Basi tunaponunua mitambo, tununue na vipima-upepo, tusomeshe watabiri, na hesabu zao zifike mezani kwake kabla upepo haujageuka.