Kutembea Bruxelles kwa macho ya mtu wa Butembo

Wandugu, kule Bruxelles, pembeni ya nyumba ya mfalme, iko sanamu kubwa ya Léopold wa Pili akiwa juu ya farasi. Fasi ile inaitwa Place du Trône. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1926, mfalme mwenyewe akiwa amekufa tangu 1909. Kwenye msingi wake kuna maandishi madogo yanayosema kwamba shaba na bati ya sanamu vilitoka Congo, na kwamba Union Minière du Haut-Katanga ilivitoa bure. Bure! Mtu ambaye hakukanyaga Congo hata siku moja amekaa pale karibu miaka mia moja, mwili wake ukiwa umetoka mu udongo wetu.

Wengi wetu tumemaliza sekondari tukijua tarehe za Léopold kwa kichwa: 1885, Conférence de Berlin, 1908, Ubelgiji inachukua Congo. Tulizikariri kwa ajili ya egzame ya Serikali, kisha tukazisahau. Mimi nilisoma agronomia, historia nikaiachia wengine. Lakini nilipokuwa Gembloux kwa mafunzo ya wiki tatu juu ya udongo, Jumamosi moja niliingia ndani ya kikundi cha watu kumi na mmoja, tukatembezwa mu mji na gidi mmoja, mama mwenye kuzaliwa Lubumbashi. Nawaandikia niliyoyaona, juu naona yanatuhusu sisi wa Butembo na Beni kuliko tunavyofikiri.

Safari yenyewe ni ya miguu tu. Mnaanzia karibu na Gare Centrale, mnamaliza Matonge, haifiki kilometa mbili, lakini inakula saa mbili na nusu. Kikundi kikiwa kidogo, gidi hahitaji maikro. Anasimama, anaonyesha kitu, anauliza: “Munaona nini hapa?” Kila mtu anajibu anavyoona, halafu njo anaeleza. Kulikuwa wanafunzi Wabelgiji, mume na mke kutoka Burkina Faso, na mzee mmoja wa Kasai aliyekaa kule miaka mingi. Mimi peke yangu nilitoka Kivu.

Tulisimama kwanza Mont des Arts, mbele ya sanamu ya mfalme Albert wa Kwanza, naye pia juu ya farasi. Wabelgiji wanamkumbuka juu ya vita ya 1914. Mimi nilimkumbuka kwa jambo lingine. Wazee wetu wa Beni na Lubero mpaka leo wanasemaka “Parke Albert”. Ile parke iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, ya kwanza ya namna ile mu Afrika nzima, ikapewa jina lake. Baadaye ikapanuliwa mpaka upande wa Semuliki. Mwaka 1969 ikaitwa Virunga, na mwaka 1979 UNESCO ikaiandika kati ya mali za dunia. Nilipowaeleza wenzangu kwamba kwetu kuna familia ambazo bado zinabishana juu ya mpaka wa parke na mashamba ya babu zao, gidi alinyamaza kidogo kisha akasema: “Ndugu yangu, hiyo mimi sikuwaka naisemaka. Leo umenipa kitu.” Kwenye kikundi cha watu hamsini, nisingepata hata nafasi ya kufungua kinywa.

Halafu Place du Trône. Hapa niruhusuni niongee kama agronomu, juu kuna jambo ambalo vitabu vya sekondari vinapita mbio.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hati ya kutengeneza tairi ya upepo kwa ajili ya vélo. Kwa muda mfupi dunia nzima ikataka mpira. Mti tunaoujua leo kwa mpira ni evea, nao ukiupanda unangoja miaka sita ao saba kabla ya kuanza kugema. Waingereza na Waholanzi walikuwa wanaupanda Asia. Léopold hakuwa na mashamba ya evea. Alikuwa na pori, na ndani ya pori kulikuwa kamba ya mti inayopanda juu ya miti mingine, Landolphia, yenye maziwa ya mpira. Basi hesabu yake ilikuwa rahisi: kabla evea ya Asia haijakomaa, bei iko juu, kwa hiyo toa mpira wa pori mbio mbio, usipande, usingoje. Kila kijiji kikapewa kilo za kuleta. Mtu akigema kamba ile polepole, inaishi. Lakini mwenye kuchelewa kutimiza kilo anaikata yote ili maziwa yamwagike mara moja, na kamba inakufa. Mwezi unaofuata anatembea mbali zaidi kutafuta ingine. Wakati huo bibi yake amefungwa kwenye posti mpaka mpira ufike, na shamba la chakula linabaki bila mtu. Njaa ikaingia, na magonjwa nyuma yake. Askari wa Force Publique walipaswa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, njo habari ya mikono iliyokatwa.

Sehemu za Équateur na Mai-Ndombe njo ziliumia zaidi na mpira ule. Ripoti ya Roger Casement ilitoka 1904, na picha alizopiga Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, zilionyeshwa Ulaya na Marekani. Kelele zile zilisaidia kumlazimisha Léopold aachilie Congo mwaka 1908. Sisi wa milimani tulionja namna ingine: tangu 1917 sheria ililazimisha vijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, 1942, zikawa 120. Ukisikia mzee wa Lubero anakasirika akiona agronomu anakuja na karatasi na kipimo cha shamba, usiseme ni ujinga. Kwa babu yake, agronomu alikuwa mtu wa kuleta amande na gereza. Hii peke yake ingepaswa kufundishwa mu fakilite yetu, mwaka wa kwanza kabisa.

Mwanafunzi mmoja Mbelgiji akauliza kama sanamu iondolewe. Mwaka 2020 vijana waliipaka rangi nyekundu, na miji mingine ya Ubelgiji iliondoa za kwao. Mzee wa Kasai alijibu kwanza: “Mwanangu, ukiitoa, kesho mtoto wako atasema haikuwaka. Iache, lakini andika pale chini kila kitu.” Gidi hakukubaliana naye. Alisema mtu mwenye kupita pale na bisi hasomi maandishi, anaona tu mfalme juu ya farasi. Walibishana kwa heshima, papa na mama, sisi tukisikiliza. Mimi niko upande wa gidi. Kitu kikiwekwa juu, kwenye njia panda, kinasifu, hata ukiandika nini chini yake. Lakini naona pia kwamba sanamu njo kitu cha mwisho. Tarehe 30 Juni 2020 mfalme Philippe alimwandikia Rais wetu barua ya kusema amesikitika. Mwaka 2022 alikuja mwenyewe Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu, akarudilia neno lile lile. Mwisho wa mwaka ule, tume ya bunge la Ubelgiji juu ya ukoloni ilifungwa bila makubaliano, juu wanasiasa walishindwa kupatana kuhusu kuomba msamaha. Kwetu mtu akikosea jirani, hasemi tu “nimesikitika”. Anakuja na mbuzi, anakaa mbele ya wazee, anataja alichofanya. Kutaja njo kazi ngumu.

Dakika chache tu kutoka pale, kuna Place Lumumba. Ni fasi ndogo, magari yanapita pembeni, lakini jina liko. Ilizinduliwa tarehe 30 Juni 2018, baada ya miaka ya kuomba na kuandamana ya Wakongomani na marafiki zao. Miaka minne baadaye, Juni 2022, mu mji ule ule, familia ya Lumumba ilirudishiwa jino lake, kitu pekee cha mwili wake kilichobaki. Nilihesabu hatua kwa kichwa: kutoka kwa Léopold mpaka kwa Lumumba unatembea muda wa kula kibanzi cha mahindi ya kuchoma. Kati ya sanamu mbili zile za historia yetu, moja ilijengwa kwa shaba na bati ya kampuni ya madini, ingine ni kibao kilichopatikana kwa miguu ya watu.

Matonge yenyewe ilianza namna hiyo hiyo. Mwaka 1961 ilifunguliwa Maison Africaine, nyumba ya wanafunzi kutoka Congo. Wanafunzi wakatafuta fasi ya kula, kunyoa, kucheza muziki, na mtaa ukachukua jina la Matonge ya Kinshasa. Wanafunzi, wandugu, watu kama sisi, ambao hawakuwa hata na makuta mingi.

Kesho yake nilipanda tramu 44 peke yangu mpaka Tervuren. Mwaka 1897 Léopold alifanya kule maonyesho ya koloni lake. Wakongomani 267 waliletwa, wakawekwa ndani ya vijiji vya uongo kando ya maji, na zaidi ya watu milioni moja walikuja kuwaangalia. Baridi na magonjwa viliua saba. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, yamepangwa kwa mstari, na majina yameandikwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Nilisoma kila jina kwa sauti. Walidharauliwa wakiwa hai, lakini leo mtu akitoka Butembo, miaka zaidi ya mia moja na ishirini nyuma, anaweza kuwaita kwa jina.

Hapa njo nilifikiri Beni. Tangu Oktoba 2014 watu wetu wanauawa kwa panga na bunduki, Mbau, Oicha, Mavivi, Eringeti, na vijiji vya njia ya Kamango. Redio inasema hesabu: kumi na wawili, ishirini na moja, kisha habari ya michezo. Hesabu haina jina. Kila familia inajua wafu wake, kila parokia iko na karatasi yake, lakini karatasi inaungua, familia inakimbia, mama mwenye kukumbuka anakufa kwenye kambi ya wakimbizi. Kama sisi wenye masomo hatutayaandika majina yale sasa, mtu wa kuyaandika baadaye atatoka wapi, na atamuuliza nani?

Tena, faili nyingi za kiserikali juu ya teritware yetu wakati wa ukoloni ziko Bruxelles. Mwanafunzi wa Butembo anayetaka kujua babu yake alilazimishwa kulima nini anahitaji viza. Hilo hatutalimaliza leo. Lakini kuna nusu ingine ya historia ambayo haihitaji viza, iko kichwani mwa wazee wa Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Hiyo inahitaji tu viatu, kahawa na subira.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo kwa chama chetu. Tufanye matembezi ya Butembo, watu kumi kwa mara moja, Jumamosi asubuhi, kwa Kiswahili na Kinande. Tupite sokoni, mtu aeleze ginsi wafanyabiashara wetu walianza na mboga na kahawa mpaka wakafika Dubai na Guangzhou. Tupite Université Catholique du Graben, tukumbushane kwamba Monsinyori Kataliko aliianzisha 1989, na kwamba mwaka 2000, akiwa askofu mkuu wa Bukavu, wenye bunduki walimkataza kurudi kwa waumini wake, wakamzuia huku kwetu miezi saba kwa sababu ya maneno aliyoandika. Aliachiliwa Septemba, akafa Roma Oktoba. Wangapi kati ya wanafunzi wa leo wanaweza kueleza hiyo kwa mgeni? Na wenzetu wa Beni waanzie boulevard Nyamwisi, waulize vijana wanaopita: Nyamwisi alikuwa nani?

Kila matembezi yawe na mwandishi. Mzee akisema jina, liandikwe. Akitaja mwaka, tuulize mzee wa pili kabla ya kukubali. Picha ya kadi ya zamani, risiti ya kahawa, barua ya mmisionari, vyote vipigwe foto na telefone kabla havijaliwa na mchwa. Majina ya waliouawa yaandikwe kwa ruhusa ya familia, na kitabu kisikae nyumba moja.

Mimi nitachukua kikundi cha kwanza upande wa Vulamba, na nimekwisha kuongea na wazee wawili wa kule. Wamekubali. Mmoja aliuliza tu kitu kimoja: “Mutakuja kweli, ao ni maneno ya wasomi?”